Bunduki Iliyolishwa Alizeti

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya bunduki nilikuwa na mtoto mgongoni na futi ya kushonea shingoni. Nilikuwa nimesahau kuivua. Siku iliyotangulia nilikuwa bado mshonaji, hapahapa Utemini, Singida mjini, kwenye kibaraza cha mama mmoja aliyenifundisha cherehani. Fundi Mkuu, mwenye karakana ile, alileta suruali yake ya kazi kuwekwa kiraka, akanikuta nimelaza kichwa cha cherehani ubavu, narudisha skrubu. Alisimama akaniangalia mpaka nikaona aibu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Hiyo bisibisi umeinoa mwenyewe?"

"Nimeinoa mimi. Kwenye jiwe la pale uani."

"Kwa nini? Si ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nene, mzee. Haifiki chini ya mfereji wa skrubu, inashika juu juu tu. Ukikaza inaruka na kula chuma."

Hakunisifia. Aliweka suruali yake mezani, akasema, "Kesho njoo kwangu. Mtoto njoo naye, asilie tu."

Yule mtoto ni Neema, ambaye sasa ananizidi urefu. Hakulia. Alilala juu ya magunia muda wote, na mama yake akawa mtu wa bunduki.

Niseme mapema, maana vijana mkisikia neno bunduki macho yanawatoka. Karakana ile ilikuwa na leseni, na leseni ilikuwa kwa jina la Fundi Mkuu mwenyewe. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango ulikuwa na makufuli mawili. Mkaguzi, yaani ofisa wa polisi anayehusika na silaha za raia, alikuwa anaingia wakati wowote anaotaka. Tulitengeneza bunduki za wakulima na wafugaji wenye vibali, na za askari wa wanyamapori. Hakuna bunduki iliyowahi kulala nyumbani kwangu, wala iliyofunguliwa nje ya chumba kile. Nyumbani nilichagua vifaa, nikavinoa, na nikafanya mazoezi kwenye cherehani. Cherehani imenifundisha mengi, na haimdhuru mtu.

Siku ile ya kwanza sikugusa bunduki. Fundi Mkuu alinipa kopo la maziwa ya unga lililojaa skrubu zilizokufa. Vichwa vimeliwa, mifereji imepanuka, nyingine zimevunjika katikati.

"Hapa ni makaburini," akaniambia. "Kaa nazo. Ukijua kila moja imekufaje, tutaongea."

Nilikaa nazo mpaka jioni, na ugonjwa ulikuwa mmoja tu. Kila skrubu ilikuwa imefunguliwa kwa bisibisi isiyo yake. Nilipomwambia hivyo akacheka, akasema, "Na mwenye bisibisi alikuwa na haraka. Usimsahau huyo."

Tulikuwa na utani wetu wa dini, mimi na yeye. Yeye Mwislamu, mimi mwanakwaya. Kabla ya kushika kazi yeye alisema Bismillahi, akawa tayari. Mimi nilifunga macho nikaomba, na naomba kwa kirefu, ndivyo nilivyolelewa. Ananisubiri, kisha anauliza, "Umefika amina au bado uko kwenye utangulizi?" Lakini hata siku moja hakuanza kabla sijafungua macho.

Yeye ndiye aliyenipeleka shule ya jioni. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na vipimo vya karakana vilikuwa vinanipiga chenga. Aliniruhusu kutoka mapema niwahi darasa la watu wazima pale shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu wa hesabu alipouliza nani anaweza kuonyesha milimita moja bila rula, nilitoa bisibisi yangu kwenye mkoba nikaonyesha unene wa ncha. Darasa lilicheka wiki nzima. Wakaniita Mama Bisibisi, na mpaka leo sokoni kuna mtu ananiita hivyo.

Sasa desturi ya karakana ile. Kwa Fundi Mkuu, bunduki ya kwanza utakayofungua na kufunga peke yako, unaifunga kwa vifaa vyako. Hakuazimi vya kwake. Alisema vifaa vyake vimezoea mkono wake, vitakudanganya. Kwa hiyo mwanafunzi anakusanya vyake polepole, anavileta mezani, anavieleza kimoja kimoja. Kama huwezi kueleza kwa nini umechukua kifaa, unakirudisha ulikokitoa.

Mara ya kwanza nilileta boksi. Lilikuwa linang'aa, la plastiki, ndani kuna bisibisi za kila rangi, koleo, spana, vitu vingine hata jina sikujua. Nililibeba kama mtu aliyebeba keki ya harusi.

Fundi Mkuu akalifungua. Akachukua bisibisi moja, akaibana kwenye jiriwa, ile mashine ya mezani yenye taya mbili za kushikilia chuma. Akaisukuma kwa kidole gumba. Ikapinda.

"Hii inafaa kukorogea uji," akasema. "Rudisha."

"Yote, mzee?"

"Boksi libakize. Neema atawekea penseli."

Baada ya hapo nikaanza kuchagua kwa akili. Siku hizo tulikuwa tunazunguka vijijini na Mkaguzi. Yeye anakagua vibali, sisi tunaangalia afya ya bunduki, kama daktari na karani wake. Tumeenda Iramba, tumeenda Mkalama, tumerudi Ikungi. Kila tulipokuta mnada mimi naenda kwa wauza vyuma chakavu. Kwenye mnada wa Issuna nilipata bisibisi mbili kuukuu za mpini wa mbao, moja pana na moja nyembamba. Zilikuwa na kutu, lakini nilipozigonga kwenye jiwe zililia vizuri, sauti kavu. Chuma laini hakilii hivyo. Yule muuzaji aliniona ninavyozigonga na kuzisikiliza akauliza, "Mama, unanunua bisibisi au unanunua ng'oma?"

Nilizinoa wiki nzima. Bisibisi ya duka ncha yake imekaa kama kabari, nene juu na nyembamba chini, kwa hiyo ukiizungusha inapanda yenyewe kutoka kwenye mfereji. Mimi nilizinyoosha pande zote mbili ziwe sambamba, zijae mfereji kabisa, zisicheze. Na upana wake usizidi kichwa cha skrubu, maana ukizidi unachuna chuma cha pembeni. Hilo ndilo la kwanza kwa anayeanza. Kifaa kifuate skrubu. Skrubu haiwezi kukufuata wewe.

Kingine kilikuwa panchi, yaani kipini cha kusukumia pini za chuma zitoke kwenye matundu yake. Yangu niliitengeneza kutoka kwenye bomba bovu la maji, ule mti wake wa ndani wa kufungia maji, wa shaba ya njano. Shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki, kwa hiyo ukikosea inaumia panchi, bunduki inabaki salama. Halafu nyundo ndogo. Watu wanapenda nyundo nzito. Nyundo nzito ni ya mtu aliyekata tamaa. Halafu ngozi ya kiatu cha zamani cha mume wangu, ya kuvika taya za jiriwa zisichubue. Kipande cha nta ya nyuki, ukipaka kidogo kwenye ncha ya bisibisi skrubu ndogo inanasa, haidondoki ikapotelea sakafuni. Kitambaa cheupe, kwa sababu kwenye cheupe kila kitu kinaonekana.

Cha mwisho kilimchekesha Fundi Mkuu mpaka akakaa chini. Ilikuwa trei ya mayai.

"Hii nayo?"

"Hii ndiyo kubwa kuliko zote, mzee. Skrubu ya kwanza kutoka naiweka shimo la kwanza, ya pili la pili. Nikirudisha naanza nyuma. Hakuna kuchanganya."

Akafuta macho. Akasema, "Kuku wa Singida kweli wana faida." Kisha akaiacha mezani. Hakuniambia niirudishe.

Baada ya hapo ndipo akaja Mzee Kisuda.

Mzee Kisuda alikuwa mkulima wa Sepuka, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata akiwa chumbani. Aliingia na bunduki yake ndani ya gunia, na kibali amekishika mkononi kama tiketi. Ilikuwa bunduki ya kuvuta, ya zamani sana, ya marehemu baba yake. Bunduki ya kuvuta ina bolti, yaani kile chuma chenye mkono unachovuta nyuma na kusukuma mbele kuingiza risasi. Bolti yake ilikuwa imekwama nyuma, haisogei kabisa, kama imechomelewa.

Siku hizo Fundi Mkuu alikuwa ameanguka na bodaboda, mkono wa kulia uko kwenye plasta. Aliitazama bunduki, akanitazama mimi.

"Mama Neema ndiye atakayeifungua."

Mzee Kisuda aligeuka akanitazama kuanzia kilemba hadi ndala. "Huyu binti? Mimi nitasubiri mkono wako upone."

"Mkono utapona mwezi ujao. Mkaguzi anakuja Ijumaa."

Hapo mzee akakaa. Ijumaa ilikuwa siku yake ya kuhuisha kibali. Mkaguzi alikuwa ameshamwonya kwamba bunduki isiyofanya kazi ni hatari kuliko inayofanya kazi, na kama haijatengenezwa ataichukua, na haitarudi. Na kule Sepuka fisi walikuwa wanaingia mpaka zizini. Majirani wote walimtegemea yeye. Ukisikika mlio mmoja hewani, fisi wanakimbia, watu wanalala. Lakini nilivyomwona ameweka kiganja juu ya kitako, ile mbao ya kuegemeza begani, nikajua si habari ya fisi peke yake. Ile mbao ilikuwa imelika mahali ambapo shavu la baba yake lilikuwa linalala.

"Kitako kimekauka, lakini ndani ni nzima," akasema kwa unyonge. "Mimi naitunza. Kila msimu wa alizeti, mafuta ya kwanza kutoka mashineni, kabla hatujaonja sisi, naipaka yeye. Kila mahali. Na ndani."

Fundi Mkuu akafunga macho. Mimi nikainamisha kichwa nisicheke wala nisilie. Mjue kwamba mafuta ya alizeti ni matamu kwenye sufuria, lakini ukiyapaka mahali yakakaa na hewa na vumbi letu hili la Singida, yanageuka. Yanakuwa gundi, kisha yanakuwa kama vanishi. Mzee alikuwa amepaka vanishi juu ya vanishi, mwaka baada ya mwaka, kwenye tumbo la bunduki ya baba yake, kwa upendo.

Sikumwambia pale. Nilitandika kitambaa cheupe, nikapanga vifaa, nikaweka trei. Fundi Mkuu alikagua kwa macho yake kwamba hakuna risasi ndani, kisha akasema Bismillahi. Nikaomba. Nilipofungua macho nilimkuta Mzee Kisuda naye amevua kofia.

Skrubu kubwa mbili chini ya tumbo ndizo zinazoshikanisha mtutu na kitako. Nikaweka ile bisibisi pana ya Issuna. Ikakaa sawasawa. Nikakaza mkono. Haikusogea. Nikaongeza. Ikatoa kamlio kadogo, mlio naujua tangu kwenye cherehani, wa chuma kinachotaka kuliwa. Nikaachia hapohapo.

"Imeshindikana?" akauliza mzee.

"Bado, baba. Imekataa tu. Tunaipa mafuta ya taa inywe, tutaiuliza tena kesho."

"Kesho ni Alhamisi!"

"Najua."

"Tumia nguvu, mwanangu! Au mpe yule kijana wa gereji hapo jirani, ana mikono."

Fundi Mkuu alichukua lile kopo la makaburini kwa mkono wake mzima, akalimwaga mbele ya mzee. "Hizi zote, Kisuda, zilipewa vijana wenye mikono."

Mzee hakuondoka mjini. Alilala kwa mpwa wake, na asubuhi tulimkuta mlangoni kabla yetu.

Nikaweka tena bisibisi. Nilikuwa naimba wimbo wa kwaya kwa pumzi tu, bila sauti, ndiyo namna yangu ya kuzuia mkono usikimbie. Nikakaza kidogo, nikaachia, nikakaza. Nikagonga kichwa cha mpini kwa nyundo ndogo, taratibu, kama unamwamsha mgonjwa. Nikaweka tena. Na skrubu ikageuka. Kidogo kabisa, lakini niliisikia mpaka kwenye kiwiko.

"Imesema ndiyo," nikasema.

"Umeisikia?" mzee akamwuliza Fundi Mkuu. "Mimi sijasikia kitu."

"Hukuambiwa wewe."

Skrubu ya kwanza shimo la kwanza, ya pili la pili. Mtutu ukatoka kwenye kitako. Bolti ilichukua muda zaidi, mafuta ya taa na brashi, mafuta ya taa na brashi, mpaka ikaanza kuteleza kama ulimi wa mtu anayeamka. Ilipotoka nzima, tumbo lake lilikuwa limejaa utando wa njano, mgumu kama ukoko wa ugali. Nilibandua kipande nikakiweka kiganjani mwa Mzee Kisuda.

Akakisugua kwa vidole. Akakinusa. Nilimwona alipojua. Mtu ananusa shamba lake mwenyewe, atakosaje kulijua?

"Hii ni alizeti," akasema. Ile sauti ya kuita ng'ombe ilikuwa imeisha. "Kwa hiyo ni mimi. Baba ameniachia bunduki nzima, mimi nimeiua kwa mkono wangu."

Fundi Mkuu alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Hujaiua, baba," nikamwambia. "Kutu haikuingia hata chembe. Angalia huo mtutu. Umeipa tu chakula cha watu, na chuma hakili chakula cha watu. Lakini mbao inakula." Nikamsogezea kitako na kitambaa. "Hicho kipake alizeti. Kidogo sana, kwa kidole, halafu ufute kabisa kama hujawahi kupaka. Chuma niachie mimi, nitakupa mafuta yake."

Alitoka nje, akakaa juani, akaanza kusugua. Alisugua mchana wote, polepole, na kila nilipochungulia alikuwa amefika palepale, pale shavu la baba yake lilipolala. Mimi ndani nilikuwa narudisha, kuanzia shimo la mwisho la trei kwenda la kwanza. Hakuna skrubu iliyobaki. Hakuna kichwa kilicholiwa.

Ijumaa Mkaguzi akaja. Yeye hakuwa mtu wa maneno. Akaivuta bolti nyuma, akaisukuma mbele. Ikalia ule mlio mzuri, mmoja, wa chuma kinachojua nyumbani kwake. Akaigeuza bunduki tumbo juu, akainamia zile skrubu mbili, akazitazama kwa karibu.

"Mkono wa Fundi Mkuu uko kwenye plasta," akasema. "Nani kafunga hii?"

Nilikuwa nataka kusema, lakini Mzee Kisuda alinitangulia.

"Fundi," akasema, akaninyooshea mkono. "Huyu hapa, Fundi."

Kibali kikagongwa muhuri. Kesho yake nilipofika nilikuta Fundi Mkuu ameniwekea meza yangu, chini ya dirisha, na trei ya mayai iko juu yake.

Nilifanya kazi kwenye meza ile mpaka Neema akamaliza chuo. Mwaka jana Fundi Mkuu alirudisha leseni yake kwa hiari. Alisema miguu imechoka, na hataki kuacha jina lake mlangoni wakati yeye hayupo ndani. Mimi sikuomba ya kwangu. Watu wameniuliza kwa nini, nina nguvu, sijafika hata hamsini. Ningeweza. Lakini ile kazi niliipendea pale, naye akiwa ananisubiri nifike amina. Nimerudi kwenye cherehani, na sina kinyongo na mtu.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga, Mzee Kisuda alikuja. Safari hii alishikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Macho yamefifia. Watoto wake wako mijini, hakuna anayetaka bunduki, na yeye fisi sasa anawasikia tu, hawaoni. Alikuwa anaipeleka polisi kuisalimisha, kama sheria inavyotaka, lakini alitaka ipitie kwangu kwanza.

"Ifungue, Fundi. Nisikie."

Fundi Mkuu akasema Bismillahi kutoka kwenye kiti chake. Nikaomba. Nikaweka bisibisi ya Issuna. Skrubu ikageuka bila kelele, kichwa chake bado kizima kama siku ile. Bolti ikateleza yenyewe, ndani hamna utando, hamna njano, mafuta yake sahihi tu, kidogo. Kitako kilikuwa cheusi, kinang'aa, kinanukia shamba.

"Eee?" akauliza.

"Nzima, baba. Nzima kabisa."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaifunga. Alipoishika ili aipeleke, alipitisha shavu lake pale kwenye kitako, mara moja, halafu akampa mjukuu abebe gunia.

Mlangoni akakumbuka kitu. Akamtuma yule binti arudi kwenye bajaji, akaja na dumu la njano la lita tano, limejaa, la msimu mpya. Akalisukuma kwangu kwa mguu.

"Mafuta ya kwanza," akasema. "Sisi hatujaonja bado. Haya ni ya kupikia, Fundi. Usije ukapaka cherehani."